Picha Mbili za Bwawa la Manchira

Mwamba ngoma huvutia kwake, na nyumba ya mzee Zablon pale Mugumu ilikuwa na waamba ngoma wawili. Mzee alishikilia kamera yake ya filamu; Felista, bintiye aliyerithi studio, alishikilia ya dijitali. Miaka sita walibishana ipi inatoa picha bora, kila mmoja akileta ushahidi uliomfaa. Ubishi wa namna hiyo haumaliziki, na wao hawakutaka uishe.

Mwaka huu haukuwa mchezo tena. Faustine, kaka yake Felista, alikuwa akichimba dhahabu Matongo, na mwezi wa tatu duara lao, shimo la kuchimbia, liliporomoka. Wenzake wanne walitolewa. Yeye hakuonekana, hai wala maiti, na wengine waliapa kwamba asubuhi ile alikuwa ameshaondoka zake. Familia yao ni Wajaluo, na kwao aliyepotea bila maiti huzikiwa tunda la mwegea, wanaloliita yago, likiviringishwa ndani ya nguo zake. Likishazikwa, mtu wako amekufa. Hata akija kesho kubisha hodi, hana tena pa kuingia. Wazee walipanga maziko Jumamosi. Agustina, mama yake Faustine, hakujua kama anamzika mwanawe au anamfungia mlango.

Jumapili kabla ya hapo kwaya ilipigwa picha bwawani Manchira, baba na binti wakiwa na kamera zao. Katika picha ya baba, nyuma ya waimbaji, ndani ya mng'ao wa maji, alisimama Faustine. Katika picha ya Felista, mahali pale palikuwa peupe tu.

Felista alisema baba yake amerudia kupiga juu ya filamu iliyokwisha kupigwa, kosa lake la tangu zamani, na sura ya Faustine ya mwaka juzi imejitokeza. Zablon alijibu kwamba binti alipima mwanga kwenye nyuso akayaacha maji yaungue kwa mwanga mpaka yakawa meupe, wakati filamu huvumilia mwanga mkali. Kila mmoja alisema jambo linalowezekana, na hilo ndilo lililomtesa Felista. Akaamua kuzilinganisha kwa haki, kabla ya Jumamosi.

Alhamisi asubuhi walirudi bwawani. Filamu mpya ilifunguliwa mbele ya macho yake. Stendi ilikuwa moja, na lenzi moja iliyoingia kamera zote mbili, na safari hii mwanga ulipimwa kwenye maji. Mama alisimama mbele ili pawe na uso wa mtu. Kamera moja ilipiga, zikapita kama dakika mbili za kubadilisha, ya pili ikapiga. Majini hapakuwa na mtu, kadiri macho yalivyoweza kustahimili mng'ao ule. Ila ng'ombe waliokuwa wakinywa waliinua vichwa kwa pamoja, wakapanda mlima na kiu yao. Felista aliogopa, akajikaza.

Nyumbani walisafisha filamu, Felista akaiskani. Ya dijitali aliiondolea rangi ifanane na ya filamu, akazichapa zote kwa printa moja, ukubwa mmoja, bila alama yoyote nyuma. Mwamuzi angekuwa mama, ambaye kamera zote kwake ni sawa na hakutazama ipi ilipigwa saa ngapi.

Faustine alikuwamo katika zote mbili.

Katika moja alitazama kamera, maji yakimfika magotini. Katika nyingine alikuwa na shati lilelile, mahali palepale, amegeuka, mgongo kwao. Zablon alizitupia jicho mara moja. Chembechembe za kwenye picha zilimwambia ipi ni ya filamu, akakaa kwenye kigoda.

Agustina alizishika muda mrefu. Hakusema ipi ni safi zaidi.

"Ipi ilitangulia?" aliuliza.

"Kwa nini, mama?"

"Ulipokuwa unabadilisha kamera niliongea naye kimoyomoyo. Nilimwambia, mwanangu, kama u hai, geuka uje nyumbani. Kama umekufa, nenda, usisimame kwenye maji kwa ajili yangu."

Felista alizitazama picha zile upya. Kama mgongo ulitangulia, kaka yake alikuwa amegeuka kuja kwao. Kama uso ulitangulia, alikuwa anaondoka. Kudanganya kulikuwa rahisi, nyuma ya picha hapakuwa na alama, na baba yake alikuwa akimtazama kwa macho ya kumsihi adanganye. Alimpenda mama yake kiasi cha kutaka kufanya hivyo. Lakini alifikiria mlango uliobaki wazi, mama akiungoja miaka na miaka, na aliyesimama majini akingoja naye.

Aliweka kidole kwenye picha ya uso. "Hii, mama. Ya filamu."

Zablon alijifunika uso, akalia. Agustina aliitazama ile ya mgongo mpaka akaridhika, akaiweka mezani polepole, kisha akaingia chumbani kuchagua shati la kumzikia mwanawe.