Jiko la Ineza

Mwaka 1996, nikiwa mwaka wa tatu wa shahada ya misitu huko Morogoro, Dokta Ndassa alituleta Ngara kwa mafunzo ya vitendo. Somo lake lilihusu kutumia misitu bila kuwanyima watakaokuja baadaye. Mimi, Marsiana, ni mzaliwa wa Nyakisasa, huko huko Ngara. Nilijua safari hii nitasikika mimi tu.

Vilima vya kuzunguka kambi ya wakimbizi vilikuwa vimebaki visiki. Kambini tukamkuta Ineza, Mnyarwanda wa rika langu aliyeishia darasa la tano. Alikuwa amefinyanga jiko kwa udongo wa kichuguu na nyasi, na sufuria ya maharage ilichemka kwa vijiti vitatu tu vya kuni. Dokta akachuchumaa mbele yake.

"Marsiana, mwambie leo yeye ndiye profesa wetu."

Kihangaza, lugha ya kwetu Ngara, na Kinyarwanda chake vinasikilizana, hivyo mtafsiri nilikuwa mimi. Miaka mitatu Dokta hakuwahi kunisifu hivyo. Moyo ukanichoma.

"Anasema asante," nikamwambia Ineza.

Akatabasamu, akanishika mkono, akaanza kunieleza jinsi ya kulikausha jiko. Nikafunga daftari kabla hajamaliza.

Kwenye ripoti niliandika kwamba jiko nimelibuni mwenyewe baada ya kuona la mkimbizi mmoja. Jina lake sikulitaja.

Dokta aliisoma, akabaki nayo. Novemba akaniita mbele ya darasa. "Basi tujengee."

Nikalijenga, na siku ya tatu nikaliwasha, sufuria ya maji juu yake. Likapasuka vipande viwili, maji yakazima moto. Wenzangu wakacheka.

"Ineza alilikausha vipi?" Dokta akauliza.

"Sikumsikiliza," nikasema. "Nilimwonea wivu. Hata sifa zako sikumfikishia."

Hakunigombeza. Alinirudishia ripoti tu. "Kamtafute umuulize, kisha uandike upya."

Likizo ya Krismasi nilikwenda moja kwa moja kambini. Wakimbizi walikuwa wamerudishwa kwao wiki ile. Palibaki miti ya vibanda na matambara ya turubai. Kibandani kwa Ineza, jiko lilikuwa zima.

Nilipiga magoti nikalipima kwa rula, unene wa kuta, upana wa mdomo. Udongo ulikuwa mgumu kama tofali, na jinsi alivyoufikisha hapo hakuna aliyebaki wa kunieleza. Nikaanza kuandika upya, jina lake kwenye mstari wa kwanza. Mkono wangu ulikuwa mzito, na wivu, nakiri, ulikuwa bado haujaniisha.