Giaboksi ya Mwalimu Veronika

Mafundi watatu wa Mtwara mjini walimtazama Mwalimu Veronika usoni, wakautazama mguu wake, na wote wakasema maneno yale yale: otomatiki ya pikapu yake imeungua, itolewe, iwekwe giaboksi ya manyuo, ile ya kukanyaga klachi. Hakuna aliyejiuliza hiyo klachi ataikanyaga kwa mguu gani. Wa kushoto ulipooza kwa polio akiwa na miaka mitatu. Pikapu ile ndiyo iliyompeleka shuleni, kanisani na kwenye mikorosho yake ya Kitaya bila kumwomba mtu.

"Nikiweka manyuo," alimwambia Athumani, "nitabaki na gari la kutazama."

Athumani alikuwa fundi wa foko, zile mashine za kunyanyulia mizigo bandarini, nazo hazibadilishwi gia kwa klachi. Alichovya kidole kwenye oili nyeusi ya giaboksi, akanusa.

"Haikufa kwa uzee, Mwalimu. Imeuawa na joto la kile kilima cha mchanga cha Kitaya. Tutaifungua hapa hapa kwako, na tukiifunga itakuwa na nguvu kuliko ilivyotoka Japani."

Basi sebule ya Mwalimu, mtaa wa Rahaleo, ikageuka gereji. Athumani alifungua, Veronika akavipanga vyuma sakafuni kwa mafungu aliyoyachora kwa chaki na kuyaita darasa la kwanza mpaka la saba, kila chuma na namba yake, daftari la mahudhurio mkononi. Athumani alicheka mpaka akakaa chini.

Klachi ya ndani ya otomatiki, isiyokanyagwa kwa mguu, iliyokuwa na sahani tano ikapewa sita. Mbele ya rejeta ya gari Athumani akafunga rejeta nyingine ndogo, ya foko iliyokwisha kufa, ya kupoza oili ya giaboksi tu.

Siku ya kufunga Athumani hakucheka tena. Mwalimu aliita mahudhurio, darasa la tano likawa na mtoro: gololi moja, ndogo kama punje ya njegere. Wakatafuta chini ya makochi na ndani ya viatu. Wangefunga bila hiyo, kazi yote ingekuwa kutwanga maji kwenye kinu. Veronika aliikuta kwenye sufuria yake ya pilau, walimoloweka sahani mpya kwenye oili.

"Alikuwa jikoni," akasema. "Ndiyo kawaida ya watoro."

Jumamosi walikuwa wakirudi kutoka Kitaya na magunia kumi ya korosho, Veronika kwenye usukani. Katikati ya kilima, mahali pale pale pikapu ilipozoea kukwama, Veronika akakanyaga breki.

"Mwalimu, usisimame hapa," Athumani akasema.

"Kama haiondoki hapa, basi si yangu."

Kasiani na vijana wenzake watano, waliokuwa wakipalilia shamba la jirani, walishaizoea kazi ya kuisukuma. Walikuja mbio, wakaweka mikono nyuma ya gari. "Tupo, Mwalimu."

"Najua mpo. Pandeni."

Wakatazamana. Kisha wakapanda juu ya magunia, mmoja mmoja, kwa mashaka. Veronika akakanyaga mafuta taratibu. Magurudumu yakauma mchanga, pikapu ikaondoka bila hata kushtuka, ikapanda, ikapanda, huku vijana wakianza kuimba.

Juu kabisa Kasiani akagonga paa. "Mwalimu, tumefika, tushushe."

"Kaeni," Veronika alijibu, akicheka na machozi yakimtoka. "Miaka miwili mmenisukuma. Leo nawabeba."