Mnyemelezi wa Saa Saba

Fundi alirudi kutoka kula akakuta sindano ya cherehani yake imeinuliwa. Mtume! Miaka ishirini na mbili hajainuka kitini bila kuizamisha kwenye kitambaa. Mama yake ndivyo alivyomfundisha, na mkono ukishazoea haukuulizi tena.

"Mwizi huyo," mumewe alisema jioni.

"Mwizi gani haondoki hata na kifungo?" Fundi akaja juu. "Huyo ni mnyemelezi. Hujaona paka anavyomnyemelea panya? Basi na watu wamo. Hawana haja na vitu vyako, wanakitaka kiti chako!"

Na kiti kilitamanika kweli. Sare za wauguzi wa hospitali nzima zilishonwa pale, na msimamizi alikuwa amesema mwisho wa mwezi atabaki na fundi mmoja tu. Ufunguo mwingine wa chumba cha kushonea alikuwa nao nani? Wifi yake, dada wa mumewe, aliyeshonea dirishani. Siku hizi kila akiulizwa jambo anainamisha macho. Fundi hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alimchukia.

Kesho yake saa saba wakatoka wote. Fundi akazunguka, akaingia kwa mlango wa uani, akajibanza nyuma ya pazia la kupimia nguo. Haukupita muda, wifi huyo, viatu mkononi, ananyata. Akakaa kwenye cherehani ya Fundi, akachukua sare iliyoshonwa asubuhi, akaanza kuifumua kwa wembe.

"Leo nimekukamata! Unaniharibia kazi nifukuzwe!"

Wifi aliruka, wembe ukaanguka. Machozi yakamlengalenga.

"Siharibu, wifi yangu. Narekebisha. Bega limekwenda upande. Juzi gauni moja lilikuwa na mikono miwili ya kushoto. Mwezi wa tatu huu nashona upya kabla msimamizi hajaona."

"Mwongo mkubwa wewe!"

Fundi akamnyang'anya sare, akaenda nayo dirishani. Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali. Aliona kitambaa cha bluu, basi; mshono hakuuona. Akapitisha kidole juu ya mshono, na kidole kikapinda pamoja nao.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi?"

Hasira ikamwisha Fundi. Akavuta kigoda, akakaa.

"Na hizi za leo," aliuliza kwa sauti ndogo, "mbovu ni ngapi?"

Wifi akainama, akaokota wembe.

"Zote, wifi."