Nguruwe Aliyerudi na Maji

Nguruwe wa kwanza aliletwa na bahari wakati wa baridi kali, akanasa kwenye vyuma vilivyochomekwa ufukweni enzi za vita kuzuia boti za adui. Bwana mifugo alikuja na watu waliovaa mavazi meupe, wakachukua damu, wakamfukia kwa chokaa. Majibu yalipotoka, ilikuwa ile homa ya nguruwe isiyo na dawa. Binadamu haimpati, ila ikiingia banda moja, nguruwe wote wa jirani huuawa, wazima kwa wagonjwa.

Hapa kisiwani Kinmen, ng'ambo, bara tuliyopigana nayo zamani, tunaiona kwa macho. Anga ikiwa safi unaweza kuhesabu maghorofa yao. Kwa hiyo hakuna aliyejiuliza mzoga ulitoka wapi. Watu waliuliza kama umekuja au umeletwa, na Mzee Weng Zhaocai alikuwa na jibu kabla hajamaliza bakuli lake la tambi za chaza dukani kwangu.

"Wametutupia," alisema. "Zamani walitupiga kwa mizinga, sasa wanatupiga kwa nguruwe."

"Mizinga ilikuwa afadhali," mtu akadakia. "Chuma cha makombora yake tulifulia visu."

Watu walicheka, Zhaocai hakucheka. Anafuga nguruwe, na ujanani alikuwa mgambo. Mambo hayo mawili yakikutana kwa mtu mmoja, majirani hawalali. Siku hiyohiyo aliunda doria ya ufukweni, akajivika filimbi shingoni, na mkewe Yuezhi akaandikishwa bila kuulizwa.

Doria ikimkosa adui baharini humtafuta nchi kavu. Wakampata Caiyun.

Caiyun ni mke wa kijana wa jirani yangu. Alizaliwa ng'ambo, akavuka kuja kuolewa, na watoto wake wote amewazalia hapa. Mumewe yuko kiwanda cha pombe. Yeye anafuga nguruwe kwa machicha ya mtama yanayotoka hukohuko kiwandani. Mabanda yake ni safi kuliko majiko ya watu ninaowajua, na majina yao nitayameza. Baridi hiyo mama yake alikuwa mgonjwa wa ini kule ng'ambo, na kila jioni kwenye simu alimuuliza, "Utakuja lini?" Boti haichukui hata saa moja.

Lakini kila aliyevuka akarudi alitazamwa mkoba mara mbili, na wakaguzi bandarini kisha na macho ya kijiji. Walisema homa husafiri ndani ya soseji, ndani ya nyama ya kukausha, hata kwenye soli ya kiatu. Zhaocai alimkuta Caiyun dukani akamchokoza mbele ya watu.

"Mkwe wetu, ukienda kwa mama usitusahau kwa soseji. Au safari hii utawaonjesha nguruwe kwanza?"

"Siendi, baba mkubwa," Caiyun alimjibu, akaacha tambi zake nusu.

Nilimfuata nje. "We mtoto, nenda! Mama ni mmoja."

"Nikienda, nguruwe yeyote atakayekohoa kisiwa hiki nitakuwa nimemkohoza mimi," alisema. "Wewe mama mdogo watakusema leo, kesho wanakula tambi zako. Mimi wanangu wanasoma na watoto wao. Ngoja homa ipite, nitakwenda."

Nilikasirika, nikarudi ndani kuosha bakuli lake.

Homa haikupita upesi. Asubuhi moja filimbi ililia ufukweni na wateja wangu wote wakatoka mbio, wengine na vijiti vya kulia mkononi. Nilizima jiko nikawafuata. Nilikuta doria imemzunguka Caiyun. Alikuwa amepiga magoti mchangani, kitambaa cheupe kichwani, amechomeka ubani, mbele yake bakuli la wali na kipande cha nyama ya kuchemsha. Nyuma yake kidogo, kwenye mawe ya kufugia chaza, ulilala mzoga wa nguruwe.

"Nyama hiyo ya wapi?" Zhaocai aliuliza.

"Ya nguruwe wangu."

Mmoja wao akalichokonoa bakuli kwa fimbo kuhakikisha. Likapinduka.

"Mama anazikwa leo," Caiyun alisema. "Namuaga."

Yule wa fimbo aliiangalia fimbo yake. Zhaocai ndiye aliyejikohoza.

"Pole sana. Lakini mbona umuage palepale penye mzoga?"

Nilitamani kumzaba kibao, na nadhani ningemzaba, ila Yuezhi aliniwahi. Mama huyo husema alionalo, hana breki. Alikuwa ameinama juu ya mzoga, anainua sikio kwa kijiti.

"Mume wangu, si huyu ni yule jike wetu? Tazama sikio. Mapengo mawili na tundu."

Kila mfugaji hapa hukata masikio kwa alama yake. Wote tuliitazama, na alama ilikuwa ya Zhaocai.

Ikabidi aseme. Jike wake alikufa wiki iliyotangulia, na kumwita bwana mifugo wakati ule kulikuwa kujitafutia maswali. Basi akafanya kama baba zetu sote walivyotufundisha: paka akifa mtundike mtini, mbwa akifa mtupe majini aende zake. Akamtupa baharini maji yalipokuwa yanakupwa.

"Nilimwona kwa macho yangu akienda," alisema. "Alikwenda kabisa!"

"Kumbe adui tunaye, na filimbi anayo!" mtu akapiga kelele, na ufukwe mzima ukaangua kicheko. Caiyun alikuwa akiokota wali mchangani.

Damu ilipimwa. Homa haikuwamo, jike alikufa kwa mtoto kukwama tumboni. Zhaocai alitozwa faini, nguruwe wetu wakapona, kijiji kikapumua. Nilipowaambia dukani kwamba pengine na ng'ambo kuna mzee aliyefundishwa na baba yake kuitupa mizoga majini, waliinamia mabakuli yao.

Baada ya siku chache Yuezhi alimsukuma mumewe hadi mabandani kwa Caiyun, na kapu la chaza na tiketi ya boti. Nami nilikwenda, maana nilitaka kusikia.

"Mwanangu, nenda ukazuru kaburi," Zhaocai alisema. "Mkoba wako hakuna atakayeugusa. Nitakusindikiza bandarini mimi mwenyewe."

Caiyun alimaliza kumimina machicha, akajifuta mikono. Chaza alizipokea, kwa heshima. Tiketi aliiacha mkononi mwa mzee.

"Baba mkubwa," alimwambia, "mama aliniita akiwa hai."