Kivuko cha Bukindo

Mwanza nzima hakuna mwanamke aliyejenga mji mkubwa kuliko wangu. Haya, niseme ukweli: ni wa mchezo, umo ndani ya kompyuta ya mjukuu wangu Precious, na nusu ya wakazi wameshahama.

Kosa ni langu. Mkerewe ukimpa ardhi ya bara na ya kisiwani, ataanzia kisiwani. Nikajenga nyumba arobaini, zahanati na soko, nikapaita Bukindo, kama kijiji cha kisiwani nilikozaliwa. Ndipo nikagundua mchezo wenyewe hauna kivuko. Watu wangu hawafiki kazini. Kila nikiuwasha, nyumba mbili tatu zimekuwa nyeusi, wenyewe wameondoka. Nakaa hapa Igoma na magoti yangu haya, nawatazama. Bukindo ya kweli sina tena wa kumwamkia. Sasa na hii nayo iishe watu, jamani? Nimechoka.

"Vivuko ni nyongeza, Bibi," Precious akaniambia. "Vinanunuliwa kando."

Akanionyesha orodha. Kuna nyongeza ya theluji. Kuna ya vyuo vikuu. Kuna ya moto na mafuriko, nayo unalipia! Mafuriko mimi nimepewa bure tangu utoto. Vivuko vilikuwa chini kabisa.

"Ninunulie hivi."

"Mwezi huu ni macho yako kwanza. Ukipofuka utajenga kwa kupapasa?"

Siku ya Jumanne Precious akaniachia hela ya kliniki ya macho, akaenda kazini Nyegezi. Nikavaa gauni la kanisani, nikatoka. Nilipofika kwa Zeeshan, fundi kompyuta wa mtaa wa pili, magoti yakakataa. Nikaona hapa panatosha. Zeeshan akaja nyumbani, akanunua vivuko kwa hela ile ya macho, akaniwekea, akaenda zake.

Jioni Precious akaingia.

"Shikamoo, Bibi. Kliniki vipi?"

"Marahaba. Foleni, mwanangu, we acha tu."

"Walikutia yale matone ya kupanua mboni?"

"Mawili kila jicho. Yanawasha kama pilipili! Mpaka sasa naona ukungu mtupu. Hata wewe sijui umevaa nini."

"Pole, Bibi yangu."

Nilikuwa nimeapa nisiitazame kompyuta. Lakini kivuko kilikuwa kinatia nanga, na nyumba ya kwanza ikawaka taa.

"Wameshuka kumi na wanne!" nikapiga kelele. "Na yule wa nyuma ana baiskeli nyekundu!"

Precious akaitazama kompyuta, kisha akanigeukia mimi.

"Na hicho kivuko, Bibi, nacho kakuandikia daktari?"