Mpiga Msasa wa Nachingwea

Miaka ile nyumba mpya zilipokuwa zikijengwa Nachingwea, Yunusi wa Ruangwa alikuwa fundi wa makabati ya kuagizwa na wateja. Alikuwa akienda kupima ukuta wa mwenye nyumba, akirudi kwake kuchonga mbao za mninga, na kabati lilikuwa likiingia mahali pake bila kubaki upenyo.

Kisha akaanguka kutoka darini, akavunjika mguu. Shaibu, mdogo wa mkewe Biasha, akajitolea kuleta vipimo na kupeleka makabati kwa lori.

"Wewe pona tu, shemeji. Mimi nitakuwa miguu yako."

Yunusi alimwombea dua. Miezi saba alichonga akiwa amekaa. Alipoweza kusimama, akapanda lori kwenda kuiona kazi yake.

Kwenye nyumba moja alimkuta Eusebio, mjenzi, akimsifu Shaibu mbele ya wateja: fundi kama huyu hajapata kumwona.

"Na mzee huyu?" Eusebio akauliza.

Shaibu akajibu, "Ananipigia msasa kule kijijini."

Yunusi alihisi mguu ukimuuma upya. Mlango mmoja wa kabati ulikuwa unakwaruza, na Eusebio akamwambia Shaibu aurekebishe. Shaibu akaishika randa kama mtu aliyeshika nyoka, akamtupia Yunusi jicho la kuomba.

"Kazi ya fundi aimalize fundi," Yunusi akasema, akatoka.

Alikuwa bado anasubiri lori Eusebio alipomfikia, anahema.

"Yule ameupasua mlango! Mzee, makabati haya ni yako?"

"Yangu yote."

"Basi kuanzia leo tutazungumza mimi na wewe."

Nyumbani alimsimulia mkewe. Biasha hakushtuka. Aliendelea kupepeta ufuta.

"Ulijua?"

"Alisema ni mpaka ajulikane kidogo tu. Ni mdogo wangu, Yunusi. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

Shaibu alikuja mwezi wa Ramadhani kuomba radhi, naye akasamehewa; Yunusi hata alimfundisha kupiga randa. Kumsamehe Biasha kulikuwa kugumu zaidi. Yunusi alikula alichopika mkewe, alimjibu kwa upole. Lakini zamani kabati likikamilika, alimwita yeye kwanza aje kulifungua. Sasa alilifungua mwenyewe, akalifunga, akalifunika gunia kungoja lori.