Kiti cha Kaimu

Usiku wa kuamkia siku ya mishahara, Nakiete Mfinanga aliota yuko karakana ya kiwanda cha magodoro anakofanya kazi, pale Moshi, na washonaji wanaanza kufutika.

Yeye ni ofisa mishahara. Wiki hiyo alikuwa ameingiza kanuni za ovataimu kwenye mfumo mpya wa kompyuta, akaenda kulala ameridhika kabisa.

Kengele ya kutoka kazini ikalia. Restituta, aliyekuwa akibaki kushona kila jioni ili apate bati za kuezekea jiko lake, akaanza kupotea kuanzia miguuni. Cherehani yake ikaendelea kukimbia.

"Dada Nakiete," sauti yake ikasema, "kazi naifanya. Ila mimi sipo."

Ukutani, mashine ya kidole ya kusajili mahudhurio ikakohoa. Ilikuwa imevaa miwani.

"Umeandika kwamba saa ya ziada isiyoidhinishwa haipo," ikasema kwa upole. "Mimi natii tu."

"Si aidhinishe mkuu wa kitengo, Bwana Kisamo?"

"Yuko likizo."

Mara karakana inakuwa ukumbi wa harusi. Bwana Kisamo anamwoza bintiye. Nakiete anamshika koti, mkono unapita kama kwenye moshi.

"Aliye likizo hashikiki," inasema mashine. Imekuja na sahani yake ya pilau. "Mtafute kaimu wake."

"Kaimu wake nani?"

"Pale uliacha wazi."

Katikati ya ukumbi kuna kiti kitupu. "Watu wananipita tu kwenda kwenye pilau," kinalalamika. "Mgongo unaniuma kwa kutokaliwa."

Nakiete anamwona Mbwambo, msaidizi wa Kisamo, kwenye foleni ya chakula.

"Kaka Mbwambo, kakae pale. Watu wanapotea!"

"Sijaandikwa," anajibu Mbwambo, akichagua paja la kuku.

"Nakuandika mimi. Sasa hivi."

"Basi nishikie sahani."

Alipokaa, kiti kikashusha pumzi. Ukumbi ukawa karakana tena, na washonaji wakarudi. Kila mmoja alirudi mtu na nusu, kwa kuwa kanuni inasema saa ya ziada huhesabiwa moja na nusu. Nusu ya Restituta ikarukaruka kwa mguu wake mmoja wa kushoto kwenda kuchukua mkasi.

"Usichelewe," Restituta akaiambia.

Nakiete aliamka kalowa jasho. Chai hakuigusa. Ofisini alifungua mfumo: ovataimu ya washonaji wote, sifuri. Chini ya jina la Kisamo, nafasi ya kaimu ilikuwa tupu kweli. Akaomba ruhusa kwa meneja, akamwandika Mbwambo, akampigia simu aidhinishe. Saa zikajitokeza, jina baada ya jina. Nakiete akaegemea kiti, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Alasiri Restituta akabisha hodi, simu mkononi, uso umechangamka.

"Dada, pesa imeingia, na ovataimu yote imo. Kesho nanunua bati." Kisha akasita. "Ila nimekuta ndala ya ziada chini ya cherehani yangu. Moja tu, ya kushoto. Nimeijaribu, inanienea kabisa."